Kibanda cha Kondoo Aliyefiwa

Edinburgh, 3 Februari 1934

Shangazi Mysie,

Kabla hujauliza: ninakula, ninalala, na soksi ulizonifumia ziko miguuni hivi sasa. Kikohozi kimepona. Hayo tumeyamaliza, sasa nisikilize.

Nina shida ya neno. Unajua kazi yetu hapa ofisini, kamusi ya Kiskoti, neno moja moja. Kila neno lina kikaratasi chake, na kwenye kikaratasi lazima pawe na sentensi iliyowahi kuandikwa na mtu, mwaka na mahali. Bila sentensi, neno halina ushahidi. Tumefika herufi K, na Bwana Kinnaird, mkubwa wangu, amenitupia mabanda yote ya mifugo eti kwa sababu mimi ni “wa mashamba”. Zizi la ng'ombe nimelimaliza, banda la nguruwe nimelimaliza. Nimekwama kwenye keb-hoose.

Kamusi ya zamani, ya miaka zaidi ya mia, inasema ni banda la kuwakinga wanakondoo wakati wa kuzaa. Basi. Mstari mmoja. Neno keb lenyewe ni kongwe na asili yake hakuna anayeijua kwa hakika; wapo wanaosema lilivuka bahari kutoka kwa Wajerumani. Lakini mimi nakumbuka marehemu baba akilitumia, na sidhani alikuwa na maana hiyo. Hebu niambie wewe uliyeishi na kondoo maisha yako yote. Ni banda la nani?

Mwezi wa tano sehemu hii ya K itazinduliwa kwa hotuba na chai. Na jina langu litakuwamo, kwa herufi ndogo sana, ukurasa wa pili.

Mtoto wa kaka yako,
Beenie


Langhope, 11 Februari 1934

Beenie mwanangu,

Barua yako ililetwa na mtu wa posta akiwa na theluji hadi magotini. Nimempa supu na ameisoma bahasha yako kwa sauti, hana adabu yule.

Umenichekesha. Eti banda la wanakondoo! Huyo aliyeandika kitabu alikaa wapi, chini ya meza? Mwanakondoo hajengewi nyumba, ana mama yake wa kumkinga. Kondoo aliyezaa mfu, au aliyefiwa na mwanawe kwa baridi, huyo ndiye keb, na kibanda ni chake yeye. Unamwingiza humo, pafinyu, kiza, asiwe na pa kukimbilia. Kisha unamchuna yule mwanakondoo aliyekufa, ngozi ikiwa bado na joto, unamvisha mwanakondoo mwingine, yatima au pacha, unampitishia miguu minne kama koti. Unamsukumia kwa mama. Mama ananusa. Anapiga teke, ananusa tena. Harufu ni ya mwanawe, basi anaacha anyonywe. Siku ya tatu au ya nne unaivua ngozi, na hapo keshamkubali. Baba yako alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote bonde hili.

Umepata ulichotaka. Sasa neno lenyewe achana nalo, tafadhali. Si neno la kusomwa na waheshimiwa wanaokunywa chai. Mwambie Bwana Kinnaird hukupata sentensi. Mabanda yako mengi, weka mengine.

Hiyo sherehe ya mwezi wa tano nitakuja. Nimekwisha uliza nauli ya basi na nina kofia.

Shangazi yako,
Mysie Telfer


Hartcleuch, 24 Februari 1934

Kwa Binti R. Telfer, ofisi ya kamusi

Bibi mheshimiwa,

Nimepokea ombi lako nikiwa karani wa baraza la kanisa hapa Hartcleuch, wadhifa nilioushika mwaka juzi tu nilipohamia kutoka Fife. Ulikuwa na habari sahihi. Neno unalolitafuta limo katika kitabu cha baraza, kikao cha tarehe 4 Mei 1899, kesi ya msichana aliyeshtakiwa kwa kuzaa nje ya ndoa. Nimekunakilia sentensi yenye neno hilo tu, na majina nimeyaacha kwa ajili ya heshima ya jamaa:

“Alipoulizwa ni wapi alipojifungulia, alijibu: katika keb-hoose. Alipoulizwa kwa nini mahali pale, alijibu kwamba pale hakuna mtu anayeshangaa kusikia kilio.”

Wazee wenyeji wananiambia alisimamishwa mbele ya kusanyiko Jumapili tatu mfululizo. Kwingineko nadhani desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa, ila kasisi wa hapa wakati ule hakuwa mtu wa kuacha jambo.

Natumaini sentensi itafaa kwa elimu.

Wako kwa unyenyekevu,
Archibald Moncur


Edinburgh, 1 Machi 1934

Shangazi,

Nimeipata! Usinikasirikie, najua ulisema niachane nalo, lakini ungeniona nilivyoruka kitini. Kuna mmoja wa wasomaji wanaotutafutia maneno vitabuni, sasa ni marehemu, aliyeacha kikaratasi kinachosema neno limo kwenye kitabu cha kanisa la Hartcleuch. Hartcleuch, hebu fikiria! Kulekule mlikokaa kabla hamjahamia Langhope, nilikozaliwa mimi. Nikamwandikia karani, naye huyu hapa, ameninakilia. Soma mwenyewe, nimeiandika chini ya barua.

Umeona? “Pale hakuna mtu anayeshangaa kusikia kilio.” Alikuwa na mdomo, msichana huyo! Anajibizana na wazee wa kanisa kama anajibizana na wauza samaki. Nimeisoma kwa sauti ofisini na tumecheka hadi mpiga taipu akaja kuuliza kuna nini. Bwana Kinnaird akasema, “Hata kondoo wana haya kuliko huyo.” Nami nikasema huyo lazima alikuwa mmoja wa wale wasichana wa kuvuna viazi, hawana kwao.

Na mwaka ni 1899, majira yaleyale niliyozaliwa mimi! Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, lazima unamjua. Alikuwa nani? Nipe umbea wote, nitaufungia moyoni. Kikaratasi nimeshakipeleka kwa wapiga chapa, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Ndiyo ushahidi pekee tulio nao, kwa hiyo ni hazina.

Kuhusu kuja kwako mwezi wa tano. Nimefikiri sana, shangazi, na naona utachoka. Ngazi za hapa ni nyingi, unakumbuka ile siku uliyoniletea mayai jinsi ulivyohema. Watu wenyewe watazungumza vitabu tu, na chai yenyewe ni ya vikombe vidogo. Afadhali nije mimi Langhope mwezi wa sita, nikuletee nakala tuisome pamoja karibu na moto.

Beenie wako


Langhope, 9 Machi 1934

Beenie,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezitia motoni.

Unauliza alikuwa nani. Hakuwa wa kuvuna viazi na alikuwa na kwao. Alikuwa mimi.

Kaa chini kama umesimama. Ailie, mke wa kaka yangu, alizaa mtoto wa kike tarehe 19 Aprili, na mtoto huyo hakufika asubuhi ya pili. Mimi wakati huo nilikuwa nimejifunga kitambaa tumboni miezi minne na hakuna aliyejua, nilikuwa mkubwa wa mwili na ni majira ya makoti. Tarehe 21 uchungu ulinishika nikiwa mlimani na maziwa ya wanakondoo. Niliingia kwenye keb-hoose kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwa sababu ile niliyowaambia wazee. Kulikuwa na kondoo wawili mle ndani. Hawakunisumbua.

Kaka yangu ndiye aliyetukuta. Hakunitukana. Alikaa mlangoni na kisu chake cha kuchunia mkononi, akalia, kisha akakuchukua ndani ya koti lake akakupeleka nyumbani kwa Ailie. Ailie alikuwa amelala ameutazama ukuta, maziwa yamemjaa. Kaka akakuvisha nguo za mtoto wao, zilikuwa zimekunjwa tayari kuzikwa naye. Jina pia lilikuwa lake. Robina, hilo tunalolifupisha Beenie, alikuwa yule wa kwanza. Siku mbili Ailie alikugeuzia mgongo, siku ya tatu akakunyonyesha, na tangu siku hiyo hadi anakufa hakuna mama aliyempenda mtoto kuliko yeye.

Mtu alisema kanisani. Siku zote yupo mtu. Nilisimamishwa tarehe 7, tarehe 14 na tarehe 21 Mei, mbele, karibu na mimbari, nimewakabili watu ninaowajua wote, na kasisi ananisema mpaka povu linamtoka. Tarehe 28 ni siku ambayo wachunga kondoo wanahama mwisho wa mkataba, basi kesho yake tukapakia vitu mkokoteni tukahamia bonde hili ambako hakuna aliyetujua, Ailie amekupakata mbele, mimi nyuma na kuku. Tulikubaliana hivyo. Nilikubali mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Baba yako wa damu usiniulize kwenye karatasi. Wazee waliniuliza mara nne sikusema.

Nimekuita mwanangu miaka thelathini na tano na hakuna aliyeshtuka, maana kila shangazi husema hivyo.

Na hilo la ngazi. Mimi napanda mlima kila siku ya Mungu, ngazi zenu hazikunihemesha. Siku ya mayai nilipotoka nilisahau kikapu, nikarudi, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Yule bwana alikuuliza mimi ni nani. Ulisema, “Ni mwanamke mmoja aliyekuwa akimfanyia baba kazi.” Nikashuka bila kikapu. Njia nzima kwenye basi nilijiambia, sasa unalalamika nini Mysie, si kweli hiyo?

Sitakuja.

M.T.


Edinburgh, 2 Aprili 1934

Shangazi,

Naandika hivyo kwa sababu sijui niandike nini kingine, na sina haki ya kujichagulia.

Umekaa wiki tatu bila neno langu, na najua umefikiri nini. Haikuwa hasira. Uso wangu nimekosa pa kuuweka. Niliisoma barua yako ofisini, nimesimama, mbele ya watu walewale niliowachekesha kwa maneno yako. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikaketi, nikaandika vikaratasi vitatu vya neno lingine, kwa mwandiko safi kabisa, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Niliyoyasema siku ya mayai niliyasema. Sikuteleza ulimi. Ulikuwa umevaa viatu vya baba na ulinukia lami wanayopakwa kondoo, na Bwana Kinnaird alikuwa amesimama pale na tai yake, na mimi nilikuwa nimemwambia baba yangu alikuwa na shamba. Hakuwa na hata yadi moja, wewe unajua. Kikapu chako bado ninacho. Naweka barua ndani yake. Kila nilipokiona nilijiambia hukusikia.

Nilikimbia kwa wapiga chapa siku ileile. Kikaratasi nimekiondoa. Hakuna atakayekusoma. Neno litabaki na ule mstari wa kamusi ya zamani, banda la wanakondoo, basi. Bwana Kinnaird aliuliza kwa nini nimeondoa ushahidi pekee. Nilimwambia chanzo hakiaminiki.

Nisamehe kama inawezekana. Kama haiwezekani, niandikie hata mstari mmoja unitukane.

Robina
(na hata hilo sasa naliandika kwa kusita)


Langhope, 7 Aprili 1934

Beenie,

Umetaka matusi, haya yanakuja.

Chanzo hakiaminiki? Chanzo ni mimi! Nilisimama kwa ajili ya maneno yale Jumapili tatu, miguu imevimba, maziwa yananivuja ndani ya gauni kila mtoto wa mtu alipolia kanisani, na wewe unaniambia hayaaminiki? Kasisi mwenyewe hakuthubutu kusema nimedanganya. Alisema mimi ni mwenye dhambi, lakini mwongo hakusema.

Na sasa kitabu kitasema uongo kwa sababu yangu. Banda la wanakondoo! Nilikueleza vizuri kabisa, mwezi wa pili, ni la nani. Miaka mia ijayo atatokea mtoto wa mjini kama wewe, atasoma, ataamini. Wachunga kondoo watakuwa wamekwisha, nani atamsahihisha? Kama una haya, ona haya kwa hilo.

Jambo lingine. Nimekaa nalifikiria tangu barua yako ya kwanza. Kondoo aliyefiwa ana jina, keb, na nyumba amejengewa. Yule aliyetoa mwanawe akapewa mwenzake, hebu tafuta kwenye masanduku yako, ana jina? Mimi silijui, na nimekaa na kondoo miaka hamsini. Tunampaka rangi mgongoni na kumrudisha mlimani, ndiyo imetoka hiyo.

Rudisha kikaratasi changu. Kisha ukamwambie yule mwenye tai kikapu ni cha nani. Usiniandikie mpaka umefanya yote mawili.

Mysie

Robina ni jina lako. Ailie alikupa kwa hiari yake, usimrudishie.


Edinburgh, 20 Aprili 1934

Shangazi,

Nimefanya yote mawili.

Kikaratasi kimerudi kwa wapiga chapa na maelezo mapya, kwa maneno yako, isipokuwa yale ya kunusa. “Kibanda kidogo anamofungiwa kondoo aliyefiwa na mwanawe, ili akubali mwana wa mwingine.” Chini yake sentensi yako, Hartcleuch, 1899. Jina sikuweka. Ukitaka niliweke, nitaliweka.

Bwana Kinnaird ilinichukua siku nne. Siku ya kwanza nilifika mlangoni kwake nikauliza habari ya wino. Siku ya nne nilikichukua kikapu nikakiweka juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, nikasema mwenye kikapu hiki ndiye aliyesema yale maneno tuliyoyacheka, na ndiye aliyenizaa, na baba aliyenilea alichunga kondoo wa watu. Wote walikuwa wanasikiliza. Alivua miwani akaifuta. Akasema, “Nilisema neno baya sana.” Nikasema, “Nami nilicheka.” Mpiga taipu akaanza kupiga taipu.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Sivyo. Bado naona haya, tena zaidi, maana sasa nalijua jambo lenyewe. Lakini naweza kuandika jina langu.

Kesho natimiza miaka thelathini na tano. Kila mwaka siku hiyo uliniletea yai la bata la kuchemsha, ukasimama mlangoni mpaka nilimalize, na mimi sikuwahi kukuambia ukae.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 12 Mei, saa tisa mchana. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa, katikati, chenye jina lako juu yake. Njoo na viatu vya baba.

Beenie


Langhope, 29 Aprili 1934

Beenie mwanangu,

Kondoo bado wanazaa na huu si wakati wa mtu mwenye akili kuondoka bondeni. Lakini watazaa bila mimi siku moja. Basi linafika saa sita unusu, uje unipokee, nisije nikapotea kwenye ngazi zenu maarufu. Na yule niliyekukataza kumuulizia kwenye karatasi, baba yako wa damu, jina lake na habari zake nitakuambia tukiwa tunatembea.

Jina langu weka. Liandike lote, Marion Telfer, si hili la kuitana nyumbani.

Ila kiti cha mbele sitaki. Mbele nilishasimama. Nitafutie kiti cha katikati, watu wako mbele yangu na watu wako nyuma yangu, nawe ukae ubavuni pangu, hotuba nzima, usiinuke hata wakikuita.

Na kikapu kiwe kitupu. Nakuja na mayai.

Mysie